Kiuno cha Darasa Zima

Tusifichane: homa ya matumbo ndiyo iliyompa cheo. Kabla ya homa alikuwa msichana wa kawaida tu wa chuo cha ushonaji, mwenye mashavu na mikono ya kushikika, anayekaa benchi la nyuma karibu na cherehani bovu. Hakuna aliyemwona ila pale alipopita mbele akamziba mtu asione ubao. Nyumbani walimwita Bonge. Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, hakuwahi kumsalimia bila kwanza kumfinya mkono na kuwaambia waliokaa, "Huyu siku akiolewa, mahari tutatoza kwa kilo." Watu wakicheka naye akicheka, maana usipocheka utafanya nini? Ukinuna utaambiwa mnene halafu una kisirani.

Basi likizo ya kuingia mwaka wa mwisho homa ikamlaza chini. Mama yake, ambaye kazi yake ni kupika kwenye harusi na misiba ya watu, akaacha masufuria yake akakaa kando ya kitanda akimnywesha uji kijiko kwa kijiko, huku akilia na kujifuta kwa upindo wa khanga. Mtoto alipoinuka alikuwa nusu ya yule aliyelala. Mama akasema hatoki mtu hapa mpaka mwili urudi. Binti akasema masomo yameshaanza. Wakabishana, na binti akashinda, akaenda chuoni angali anashika ukuta akipanda ngazi.

Sasa sikia maajabu. Alipoingia darasani watu walinyamaza, halafu wakalipuka.

"He! Ndiye wewe?"

"Jamani mwenzetu! Umependeza mpaka inaudhi!"

"Hebu geuka. Geuka tena."

Waligusa shingo yake, wakagusa mabega. Mmoja akamzunguka kiuno kwa viganja viwili akapiga yowe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ulikuwa unaumwa nini. Na yeye, ambaye neno "umependeza" alikuwa amelisikia kwa mama yake tu, na neno la mama halihesabiwi, alisimama katikati yao miguu ikimtetemeka, akaona raha ambayo hajawahi kuiona maishani.

Chuo kile kilikuwa na desturi yake. Darasa la mwaka wa mwisho humchagua msichana mmoja miongoni mwao akapimwa kila mahali, na vipimo vyake vikabandikwa ukutani. Kuanzia hapo wote humshonea yeye: gauni la fulani, koti la fulani, sketi ya fulani, zote za mwili mmoja. Msichana huyo huitwa Kipimo, na jina lake la kuzaliwa hulisikii tena mpaka mwaka uishe. Siku ya mtihani wakaguzi huja kutoka nje. Kwanza wanampima Kipimo kwa mikono yao, kuhakikisha kwamba darasa linajua kupima. Vikipishana na vile vya ukutani, darasa zima limekosea, na mwaka linaurudia. Vikilingana, ndipo nguo zinavalishwa na kuangaliwa moja moja.

Mwenye desturi hiyo alikuwa mwalimu wa ukataji, mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea na mkasi umening'inia kiunoni utadhani askari na rungu lake. Walimwita Madamu Mkasi. Alipomwona msichana aliyetoka homani, alishusha miwani.

"Wewe. Njoo panda hapa."

Akapandishwa juu ya kigoda. Tepu ikapita kifuani, ikapita nyonga, ikafika kiunoni ikakaa. Madamu akaisoma, akaisoma tena, akawageukia wanafunzi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Mmekiona kiuno hiki? Nguo yoyote mtakayoiweka hapa itajishona yenyewe."

Darasa likapiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa kiranja wa darasa, msichana mzuri, mwepesi wa ulimi, aliyekuwa amejitayarisha yeye awe Kipimo na kila mtu alijua. Ana akili yule. Alipoona cheo kimekwenda, hakununa, alimkumbatia mwenye cheo na kumnong'oneza, "Umetubeba, mpenzi. Sasa usituangushe."

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakupiga makofi, yule waliyelala naye chumba kimoja. Alikuwa mnene kweli, mpole, fundi wa vifungo asiye na mpinzani, na darasa lilimwita Godoro. Jioni hiyo alikaa ukingoni mwa kitanda chake akimtazama mwenzake anavyojigeuzageuza mbele ya kioo kidogo cha ukutani.

"Rafiki yangu," akasema, "wamekupima ukiwa mgonjwa."

"Sasa?"

"Sasa ukipona je?"

"Nitabaki hivi hivi."

"Mtu hajiambii 'nitabaki na homa.'"

"Wivu huo," akasema Kipimo, na akacheka ili ionekane mzaha. Haukuwa mzaha, na Godoro alijua.

Lakini mwili nao una akili zake. Aliyetoka kwenye homa ya matumbo ana njaa ya kutisha. Anaamka nayo, anasoma nayo, akisikia sufuria linafunikwa jikoni mate yanamjaa kinywani. Kipimo alikula. Alikula wali, alikula maharage, alikula mkate wake na wa jirani, na kila siku damu ikarudi kidogo usoni, magoti yakapata nguvu, akapanda ngazi bila kushika ukuta. Ungemwona ungesema alhamdulillahi au haleluya, kwa dini yako. Darasa lilimwona likaingiwa na hofu.

Siku ya kujaribisha kwa mara ya kwanza, sketi ya Kiranja ilipanda vizuri mpaka nyonga, halafu zipu ikagoma. Kiranja akaivuta. Zipu ikagoma. Wasichana wakaacha cherehani mmoja baada ya mwingine, mpaka chumba kikawa hakina mlio.

"Mwenzetu amepona," akasema Kiranja.

Wakacheka. Hata Madamu alicheka kidogo kwa puani. Kisha akasema maneno ambayo alikuwa akiyasema kila mwaka, "Kitambaa kikishakatwa hakina msamaha. Vya ukutani havibadilishwi. Mwenye mwili ajue la kufanya na mwili wake." Akatoka na mkasi wake.

Kipimo alibaki juu ya kigoda na zipu wazi mgongoni. Alisikia aibu iliyomchoma mpaka masikioni. Hakufikiria kwamba amepona; alifikiria kwamba Bonge amerudi, amemfuata mpaka chuoni, amesimama pale na sketi ya mtu. Shangazi mwenyewe asingeweza kumtesa zaidi.

Kiranja ndiye aliyevumbua ushuru. Mchana ule, ukumbi wa chakula umejaa, Kipimo akiwa hajatia hata tonge mdomoni, alikuja na kijiko chake mkononi na wenzake nyuma yake.

"Mpenzi, sisi tunakushonea bure. Bandari yoyote ina ushuru." Akachota kijiko kimoja cha wali wa Kipimo akala, akafumba macho kwa utamu. "Anayefuata!"

Wakapita wote, wakicheka, kijiko kimoja kimoja. Mwingine alikuwa na aibu akachota kidogo. Mwingine hakuwa nayo akachukua nyama. Wa mwisho alipoondoka sahani ilikuwa na mchuzi na punje za kusikitikia. Kipimo naye alicheka. Angefanya nini? Meza zote zilikuwa zinamtazama yeye, msichana wa benchi la nyuma, na kila aliyepita alimgusa bega na kumwita mpenzi. Njaa ilimuuma, lakini mwenzangu, kuna njaa nyingine ya zamani zaidi, na hiyo siku ile ilishiba.

Ikawa desturi mpya ndani ya desturi. Kila mlo, vijiko. Baada ya muda hakuwangoja; yeye mwenyewe aliisogeza sahani katikati ya meza akisema, "Haya, wenye ushuru wao." Wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Walimvika kilemba cha ukoka naye akakiweka sawa kichwani. Zipu ya Kiranja ilikubali. Koti la huyu likakaa, gauni la yule likateleza. "Huyu ndiye Kipimo wetu!" walishangilia, na siku hizo alitembea kwenye ujia wa chuo kichwa juu, ingawa kilikuwa kinazunguka.

Shangazi akapata habari na picha. Alipiga simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Sasa ndiyo umekuwa msichana!" akapayuka. "Nilikuwa namwambia baba yako, huyu mtoto ana uzuri, umezikwa tu ndani ya nyama. Na mama yako asikurudishe kulekule na masufuria yake." Kipimo alisikiliza simu ile akiwa amesimama mbele ya kioo kirefu cha chumba cha kukatia. Wengine wakitazama kioo kile waliona mifupa ya shingo. Yeye alimwona Bonge, mzima, mashavu yale yale, anasubiri tu mlango ufunguliwe aingie.

Godoro ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Jioni moja, wenzao wakifua uwanjani, aliingia chumbani na kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na mayai ya kuchemsha na mkate uliopakwa siagi mpaka ukalowa.

"Kula. Mimi nasimama mlangoni, haji mtu."

"Sitaki."

"Unataka. Macho yako hayajatoka kwenye kitambaa hiki tangu nimekifungua."

Kipimo alikula. Alikula kwa mikono miwili, bila kutafuna sawasawa, machozi yakimtiririka kwa utamu wa yai na chumvi. Godoro alisimama mlangoni amempa mgongo ili asimwaibishe. Kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa kitulivu. Halafu hofu ikaja. Akatazama kitambaa kitupu kwenye magoti yake, akamtazama aliyekileta, na badala ya shukrani kikamjia kitu kingine kabisa: chuki, safi, isiyo na sababu inayosemeka.

Kesho yake, kwenye kujaribisha, Kiranja alipitisha kidole ndani ya mkanda wa sketi kama anavyofanya siku zote.

"Mbona leo pamebana?"

Hapakuwa pamebana. Lilikuwa swali la kumtisha tu, maana Kiranja alipenda kuona watu wakishtuka. Lakini Kipimo alishtuka, na aliyeshtuka hutafuta wa kumtupia mzigo.

"Ni Godoro," akasema. "Ananiletea vitu chumbani. Ananilazimisha. Anataka tufeli wote kwa sababu anajua hakuna siku atakayochaguliwa yeye."

Alisema hivyo mbele ya watu wote, kwa sauti inayosikika. Godoro alikuwa ameshika sindano na uzi. Akaichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Kumbe!" Kiranja akapiga makofi taratibu. "Kumbe alitaka kuchaguliwa! Basi jamani tusimnyime. Mpandisheni kigodani."

Walimpandisha. Kigoda kililia, wakacheka. Tepu ikaletwa, Kiranja akaitupa pembeni, "Hii ya watu. Leteni pazia." Wakaleta pazia la dirisha wakamzungushia tumboni, huyu akipiga kelele "Haitoshi, ungeni jingine!" na yule akijifanya kuandika vipimo ukutani, nyumba ya vyumba vitatu na ua. Mbavu ziliwauma kwa kucheka. "Kipimo, njoo ushike ncha," Kiranja akaita. "Wewe ndiye mwenye ujuzi."

Akaenda akaishika. Uso wake ulikuwa karibu sana na wa Godoro, akaona kwamba macho ya Godoro ni makavu.

"Shika vizuri," Godoro akamwambia kwa upole, "isije ikaanguka."

Siku hiyo hiyo alihamisha vitu vyake chumba kingine. Hakuacha hata pini. Kipimo alilala peke yake, akajiambia kuwa ni afadhali, sasa atakuwa salama. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na huyu alikuwa amemfukuza mtu pekee asiyekuwa nguoni mwake.

Halafu akaja mama.

Alikuja Jumapili, moja kwa moja kutoka kupika harusi ya watu, hajapumzika, na chombo cha chakula kilichofungwa kwa khanga mbili kisipoe. Alikaa kwenye benchi la wageni chini ya dirisha la chumba cha mashine. Alipomwona mwanawe anakuja, alimtazama kwanza kama mtu mwingine, akatazama nyuma yake kutafuta anayekuja.

"Mwanangu." Akasimama. "Mwanangu, homa imerudi?"

"Sina homa, mama. Punguza sauti."

"Hebu nione mkono. Mungu wangu! Huu mkono au ufagio? Huku hamli?"

"Tunakula. Mama, watu wanatazama. Na mbona umekuja na nguo zinanuka vitunguu?"

Mama aliachia mkono. Alikuwa mwanamke wa maneno, jikoni vijana walimwogopa kwa mdomo. "Vitunguu hivi ndivyo vilivyokusomesha," akasema.

Akafungua chombo. Kulikuwa na kuku, kulikuwa na viazi, na wali uliopikwa na mtu anayejua anampikia nani. Harufu ilipanda mpaka dirishani na vichwa vikachungulia. Mama akamega, akanyoosha tonge kuelekea mdomoni mwa mwanawe kama zamani. Mwanawe akakaza midomo na kugeuza uso.

"Kidogo tu, mama yangu. Mbele yangu. Nikalale na amani."

"Unataka niharibu kila kitu? Unataka nirudi kuwa kile kitu mlichokuwa mnakicheka?"

"Nani alikucheka? Mimi?"

"Ulikuwepo shangazi akisema! Ulikuwa unaendelea kupakua!"

Hilo lilimpata mama mahali pake, kwa sababu lilikuwa kweli. Wifi akisema huwezi kumjibu, utaambiwa una mdomo. Alikuwa akimwongezea mtoto nyama badala ya kumtetea, akidhani atajua maana yake. Akafunika chombo. Akaenda ofisini kwa Madamu Mkasi akasimama mlangoni.

"Mwalimu, shikamoo."

Ingawa alikuwa mkubwa kwa umri, aliamkia kwa heshima ya kalamu. Madamu akaitikia.

"Mwalimu, mwanangu anakwisha."

"Mama," Madamu akasema, akitabasamu, "mwanao ndiye kiuno cha darasa zima. Wazazi wengine wanaomba usiku na mchana watoto wao wapate heshima kama hiyo. Wewe unaleta machozi?"

Heshima. Neno hilo lilimfunga mdomo mpishi wa watu. Angeambiwa binti yake ni mvivu, angejua la kujibu; angedaiwa ada, angejua la kujibu. Hili la heshima hakulijua. Alitoka nje akakuta Kiranja na wenzake wamezunguka benchi, chombo kimefunguliwa, vijiko vinafanya kazi. "Mama, unajua kupika jamani!" wakamwambia, midomo inang'aa mafuta. "Mama, uje kila Jumapili!" Mama akawabariki. Alidhani mwanawe amekula nao. Aliondoka na chombo kitupu akijiambia kwamba angalau ana marafiki.

Wiki za mwisho kabla ya mtihani, mambo yakageuka. Kiranja alipitisha kidole kwenye mkanda wa sketi na kidole kikapita, kikapita cha pili, kikapita kiganja. Akacheka. Siku nyingine akapitisha tena, hakucheka. Akavuta kitambaa nyuma, kikakunjika kama ngozi ya kizee.

"Inatosha sasa," akasema. "Umesikia? Umefika, simama hapo hapo. Kula."

Ebo! Ati kula. Kama taa, unazima unawasha. Mchana ule walikuja na vijiko vyao kama kawaida, ila safari hii walikuwa wanamwekea. Kijiko cha huyu, kijiko cha yule, nyama ikarudi, sahani ikawa kilima. Wakakaa wamemzunguka.

"Kula, mpenzi."

"Kula bwana, usituletee maringo."

"Jamani si ulikuwa unapenda kula wewe? Tunakujua!"

Akachukua tonge. Akaliweka mdomoni, likakaa. Koo lilikuwa limefunga duka. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni lile alilolifikiria, na hakumwambia mtu. Aliwatazama usoni, Kiranja na wenzake, mikono yao minene ya kawaida, akafikiria: wananionea wivu. Wanataka nirudi niwe kama wao. Aliona yuko mbali nao sana na juu yao sana, na kwamba sasa si wao tena wanaompunguzia chakula, ni yeye. Akatema tonge kwenye kiganja, akatabasamu.

Kiranja alimfinya paja chini ya meza. "Ukitufelisha nitakuua," akasema, na bado alikuwa anatabasamu kwa ajili ya meza za jirani.

Siku ya mtihani ukumbi ulipangwa viti. Nguo zilining'inia kwenye waya ukutani kote, kazi ya mwaka mzima. Wazazi walikaribishwa kukaa nyuma, na mama alikuwepo, amevaa gauni lake la kutokea, amejipaka marashi mpaka watu wa kiti cha mbele wanageuka. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, sauti laini, mwenye tepu yake mwenyewe shingoni. Godoro alisimama mwisho wa mstari, karibu na mlango, amekunja mikono.

Kipimo akapanda kigodani na shimizi nyembamba. Nyuma ya ukumbi mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Mkaguzi alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akataka kusema neno, kisha akakumbuka kazi iliyomleta. Akazungusha tepu kiunoni akataja kipimo. Msaidizi wake akatazama karatasi ya ukutani, akatikisa kichwa. Akapima nyonga: kichwa kikatikiswa. Kifua, vivyo hivyo.

"Hivi sivyo mlivyoandika," mkaguzi akamwambia Madamu. "Hata kimoja hakilingani. Pungufu vyote, na si kwa kidogo."

Madamu Mkasi akafungua kinywa. Pengine ndiyo mara yake ya kwanza maishani kujitetea. "Alikuwa... vilikuwa sahihi."

"Madamu, mimi napima mwili ulio mbele yangu."

Msichana mmoja akaanza kulia, halafu watatu, halafu mstari mzima. Mwaka wa kurudia, ada mpya, wazazi wako pale pale nyuma wanasikia. Kiranja alimsogelea kigodani, hakujali tena nani anamwona. "Umetuua," akasema. "Mbwa wewe. Umetuua wote." Hakuna aliyekumbuka kijiko chake kilipita wapi. Kijiko hakiachi alama.

Na Kipimo? Kipimo alikuwa amesimama juu yao, wanalia chini yake, na neno moja tu ndilo lililoingia masikioni: pungufu. Pungufu vyote. Si kwa kidogo. Mtu wa nje, mwenye tepu yake, asiyejua Bonge ni nani, amelitamka mbele ya watu. Furaha ilimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka ikabidi ashike mkono wa mkaguzi asianguke. Alitaka kulisikia tena. Alitaka kulisikia kuliko alivyowahi kutaka chakula siku ya njaa yake kubwa.

"Samahani," akasema. "Naomba unipime tena."

Wasichana wakainua nyuso zilizolowa. Kiranja alishika mikono kifuani. Mara moja yule mbwa akawa mpenzi. "Ndiyo, mpime tena, tafadhali, huenda tepu iliteleza! Jaza tumbo, mpenzi," akanong'ona, "vuta pumzi, jaza. Tuokoe." Madamu akasema ndiyo, ni haki yake, apimwe. Huko nyuma mama alisimama kabisa kwenye kiti chake, midomo inacheza, akimwomba Mungu wake amwongezee mwanawe nyama japo ya unene wa kidole, papo hapo.

Mkaguzi akazungusha tepu kiunoni. Darasa zima likaikodolea macho tepu ile, Kiranja akihesabu kwa midomo.

Mama hakutazama tepu, alikuwa anamtazama mwanawe. Ndiyo maana katika ukumbi ule yeye peke yake ndiye aliyemwona akitoa pumzi yote aliyokuwa nayo na kulivuta tumbo ndani mpaka mbavu zikasimama, macho yamefumba, anatabasamu.